CHUO NA NYUMBA: KHABARI ZA WANAWAKE WASOMI CHINI YA MILIMA YA ULUGURU

Neno "chuo" ni neno la zamani katika lugha yetu. Wazee wetu wa pwani walipolitaja walikusudia kitabu, na kwa hivyo mtu aliyezama katika vitabu wakamwita mwanachuoni. Kisha neno hilo likawa jina la mahali watoto wanaposomeshwa Kurani, na hata leo mama wa Lamu au wa Bagamoyo akisema, "Mwanangu yuko chuoni," mara nyingi anakusudia kwa maalimu wa mtaa. Siku hizi neno lilo hilo limekuwa jina la mahali vijana wanapokwenda kutafuta shahada. Kitabu, darasa la Kurani na chuo kikuu vyote vimekaa chini ya jina moja.

Hata hivyo, nyumba nyingi za pwani haziyatazami hayo matatu kwa jicho moja. Binti akipelekwa kwa maalimu hapana anayeuliza kwa nini. Lakini binti huyo huyo akipata barua ya kwenda kusoma Morogoro miaka mitatu, mlango wa nyumba unafungwa na mashauri yanaanza. Bibi anauliza ataolewa lini. Baba anauliza atakaa nyumba ya nani. Mjomba anauliza, akishapata shahada, mume gani atamweza? Maswali hayo si ya kuchekwa, kwani yanatoka katika mapenzi na katika khofu ya kweli. Lakini yana historia, na mwenye kushauri bila ya kuijua historia ni kama anayevuka mto usiku bila ya kuuliza kina chake.

Kwa hivyo nakuomba tufuatane, tutazame mji mmoja tu, mji wa Morogoro, tuone elimu ya juu ilifanya nini katika kazi na nyumba za wanawake wa makabila na rangi mbali mbali waliopita hapo. Nimeuchagua mji huo kwa sababu uko njia panda ya pwani na bara, na kwa sababu umejaa vyuo.

MJI ULIOTAWALIWA NA MWANAMKE

Kabla ya Wajerumani, palipo Morogoro ya leo palikuwa na mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua aliyepata nguvu kwa vita na kwa kuteka watu. Alipokufa alitawala binti yake, naye ndiye aliyejulikana kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone, aliukuta mji uko chini ya utawala wa mwanamke huyo, akauandika katika kitabu chake kuwa ni mji mkubwa wenye kuta za mawe na minara. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko yameubomoa sehemu kubwa.

Na juu ya mji, katika milima ya Uluguru, walikuwako na wako hata leo Waluguru, watu ambao ukoo wao hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ni ya ukoo, na mwanamke hupata shamba lake kwa ukoo wake, si kwa mumewe. Mjomba ndiye mwenye neno zito. Waislamu wengi wa Uluguru mashariki wamechanganya ada hii na sharia ya mirathi kwa namna ambayo mafakihi wana maneno nayo, lakini hapa hatuzungumzi fikihi, tunazungumza historia.

Tulishike jambo hili mapema, maana litatufaa mbele. Bibi wa Kiluguru asiyejua kusoma herufi moja alikuwa na kitu ambacho wanawake wengi wa Ulaya wa zamani zake hawakuwa nacho: mahali pake pa kukaa na pa kulima ambapo talaka haikumwondoa. Huko Uingereza, mpaka sheria zilipobadilishwa katika karne ya 19, mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Mwanamke wa Kiislamu alikuwa na haki ya mali yake tangu mwanzo wa dini yetu, ingawa si kila kaka aliyempa dada yake haki hiyo. Basi usidhani kuwa kabla ya vyuo mwanamke alikuwa hana kitu, na baada ya vyuo ana kila kitu. Mambo hayakwenda hivyo.

MILANGO MITATU

Wakoloni walipoanzisha shule waliweka milango mitatu: mlango wa Wazungu, mlango wa Wahindi, na mlango wa Waafrika. Katika Tanganyika ya Waingereza kila rangi ilikuwa na shule zake na fedha zake, na mtoto wa Kizungu alitumiliwa fedha nyingi zaidi kuliko wa Kihindi, na wa Kihindi nyingi zaidi kuliko Mwafrika. Utaratibu huo uliendelea mpaka baada ya uhuru, shule zilipounganishwa mwaka 1962. Na ndani ya kila mlango, mtoto wa kike alisimama nyuma ya mtoto wa kiume.

Katika mlango wa Waafrika, shule nyingi za Morogoro zilikuwa mikononi mwa misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda mpaka Uluguru kabla ya karne ile kwisha. Katika miaka ya 1950, masista wa Maryknoll kutoka Marekani wakafungua Morogoro shule ya sekondari ya wasichana iliyoitwa Marian College, ambayo ndiyo Kilakala ya leo. Katika waliosoma hapo ni Gertrude Mongella, binti wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1945. Aliendelea mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha, akazaa na kulea, akawa waziri, kisha mwaka 1995 akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanywa Beijing, na mwaka 2004 Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Utauliza: na watoto wetu walikuwa wapi? Wengi walikuwa nyumbani. Wazazi wa Kiislamu waliogopa kuwa shule ya misheni itamtoa binti katika dini yake, na khofu hiyo haikuwa ya bure, kwani kusomesha na kubatiza zilikuwa kazi mbili za mkono mmoja. Lakini matokeo yake ni kuwa binti wa Kiislamu alilindwa dini yake kwa kunyimwa elimu, wala hakujengewa shule nyingine ya kumtosha. Hayo ndiyo yaliyomsumbua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliyetumia kalamu yake katika miaka ya 1930 kuwaamsha Waislamu wasome na wasomeshe, wake na waume. Unguja serikali ilifungua shule ya wasichana mwaka 1927, na wazazi hawakuwatoa binti zao mpaka walipohakikishiwa kuwa dini na sitara zitahifadhiwa. Walipohakikishiwa, waliwatoa. Tazama basi: khofu ilikuwa ya namna ya kusoma, kusoma kwenyewe hawakukuchukia.

Katika mlango wa Wahindi mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Aga Khan wa Tatu, aliyefariki mwaka 1957, aliwausia wafuasi wake kuwa mwenye watoto wawili na uwezo wa kumsomesha mmoja tu amsomeshe wa kike. Wafuasi wake walijenga shule katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, binti wa Kihindi aliyesoma katika miaka ya 1940 na 1950 mara nyingi alirudi dukani kwa baba, kisha dukani kwa mume, akauza na kuandika daftari bila ya mshahara. Elimu ilimfaa, lakini faida yake iliingia katika mfuko wa nyumba. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1971, serikali ilipoyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, na wengi katika walionyang'anywa walikuwa Wahindi. Watu waliona kwa macho yao kuwa nyumba inaweza kuchukuliwa kwa sheria ya siku moja, lakini elimu iliyomo kichwani haitaifishwi. Familia nyingi zilihamia Uingereza na Kanada, na huko binti mwenye cheti cha uuguzi au cha uhasibu alikuwa rasilimali ya ukoo mzima. Tangu hapo swali la kama binti asome likapungua nguvu katika nyumba hizo, si kwa wahadhara wa mtu, bali kwa msukosuko wa mali.

WAZUNGU NAO WALIFUNGIWA MLANGO

Wako wanaodhani kuwa ugomvi wa chuo na nyumba ni wetu sisi tu, watu wa pwani na watu wa buibui, na kuwa Mzungu alikwisha kuumaliza zamani. Si kweli hata kidogo.

Huko Uingereza, mwalimu wa kike alikuwa akifukuzwa kazi katika wilaya nyingi pindi akiolewa, na katazo hilo lilikuja kuondolewa na sheria ya elimu ya mwaka 1944. Katika utumishi wa serikali liliondolewa mwaka 1946, na katika utumishi wa mambo ya nchi za nje likabaki mpaka 1973. Maana yake ni kuwa Tanganyika ilikwisha kupata uhuru, ikaungana na Unguja na Pemba, na bado mwanamke wa Kiingereza mwenye shahada kubwa aliyeajiriwa na wizara hiyo alilazimishwa kuchagua mume au kazi.

Huko Marekani, Claudia Goldin, bibi aliyepata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2023, amechunguza maisha ya wanawake waliohitimu vyuo vikuu tangu mwanzo wa karne ya 20. Ameonyesha kuwa katika wale wa mwanzo, waliohitimu baina ya 1900 na miaka ya 1910, karibu theluthi hawakuolewa kamwe, na karibu nusu hawakupata mtoto. Haikuwa kwamba kitabu kiliwakausha tumbo. Jamii yao iliwaambia wachague kimoja, na wengi wakachagua kazi.

Na wanawake weusi wa Marekani? Wao hawakuwa na anasa ya kuchagua, kwa sababu mshahara wa mume mweusi haukutosha. Mke alifanya kazi, msomi na asiye msomi. Mary Church Terrell alihitimu Oberlin mwaka 1884 akawa mwalimu. Alipoolewa mwaka 1891 ilimbidi aache kufundisha, maana sheria ya shule za mji wa Washington haikumtaka mwalimu mwenye mume. Lakini hakukaa kimya: baada ya miaka michache aliingizwa katika baraza lililosimamia shule hizo hizo, na alikuwa mama na kiongozi kwa pamoja.

Mwanamke mweusi mwingine wa zama zile, Charlotte Maxeke wa Afrika ya Kusini, alifika Marekani kwa safari ya waimbaji, akasoma katika chuo cha Wilberforce, Ohio, akawa katika wanawake weusi wa kwanza wa nchi yake kupata shahada. Aliolewa na msomi mwenziwe, wakarudi kwao wakafungua shule, na mwaka 1918 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiafrika wa kupinga sheria za pasi. Jina lake lishike, kwani limekuja mpaka Morogoro.

AZIMIO NA MABINTI

Baada ya uhuru wa Tanganyika mlango ulifunguka. Julie Manning alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sheria katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 yeye na Tabitha Siwale wakawa mawaziri. Morogoro nako kilifunguliwa chuo cha kilimo mwaka 1965, kikageuka kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1969, na tarehe 1 Julai 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa kumkumbuka Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka ule ule huko Dakawa, mkoani humo humo.

Lakini msomaji, sikiliza kisa hiki. Mwezi Novemba 1974 chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Katika mambo yake, kijana akimaliza kidato cha sita hatakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Atapita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha atafanya kazi kama miaka miwili, na apate sifa njema kazini, ndipo aombe nafasi. Nia ilikuwa nzuri: msomi asijione bwana, ajue jasho la wenziwe. Na sharti lilikuwa moja kwa wote, mwanamume na mwanamke.

Lakini usawa wa maandishi ulizaa tofauti katika maisha. Kwa kijana mwanamume miaka mitatu ile ilikuwa ni kusubiri. Kwa msichana ilikuwa ndiyo miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa. Mabinti wengi waliotoka kidato cha sita hawakurudi kuomba nafasi, na idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ikashuka. Haikupita miaka mingi serikali ikaliona hilo, ikawaruhusu wasichana waende moja kwa moja.

Hapo pana mafundisho makubwa. Hapana mtu aliyesema mwanamke asisome. Sharia haikumkataza, wala baba yake hakumkataza. Alizuiwa na ratiba. Aliyepanga ratiba hakumkumbuka mwenye mimba wala mwenye mtoto mgongoni, na kwa kutomkumbuka alimfungia mlango bila ya kujua.

MAZIMBU

Wakati ule ule walifika Morogoro wageni kutoka kusini. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya vijana waliikimbia Afrika ya Kusini. Serikali ya Tanzania ikawapa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, na mwaka 1978 masomo yakaanza. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walimu wake walikuwa weusi na weupe, Wahindi na machotara, wa Afrika ya Kusini na wa nchi nyingine. Mambo ambayo kwao yalikuwa ni kosa la jela, yaani rangi zote kukaa darasa moja, yalifanyika chini ya Uluguru.

Basi huko nako swali letu lilizuka. Vijana waliokuwa mbali na wazazi walizaa. Wasichana walioshika mimba walitolewa katika masomo kwa muda, wakapelekwa katika kituo cha mama na mtoto mjini Morogoro kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, wakae na watoto wao mpaka wakue kidogo. Kisha mama aliweza kurudi darasani, na Mazimbu pakajengwa mahali pa kulelea watoto. Wako waliolalamika, na kwa haki, kuwa msichana alipoteza wakati wake wa masomo na mvulana aliyeshiriki naye hakupoteza siku.

Msomaji usinifahamu vibaya. Zinaa ni haramu, nami siipambi. Nasema tu kuwa watu wale, pamoja na mapungufu yao, hawakumtupa mama na mtoto wake. Sisi Watanzania katika shule zetu tulimfukuza msichana mwenye mimba miaka mingi, asirudi tena. Mwaka 2017 jambo hilo lilitiliwa nguvu hadharani na Rais wa wakati ule. Ilikuwa mpaka tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilipotangaza kuwa aliyezaa anaweza kurudi shule. Aliyekosa anaambiwa atubie. Lakini toba haina maana ya kubaki bila ya kusoma maisha yake yote, na mtoto aliyezaliwa hana kosa lolote.

Afrika ya Kusini ilipokuwa ikifunguka, mwaka 1992 ANC iliyakabidhi majengo ya Mazimbu kwa serikali ya Tanzania, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, iitwayo kampasi ya Solomon Mahlangu.

MKE KWANZA, MWANAFUNZI BAADAYE

Tuje kwa wetu. Huko Mzumbe, kilomita chache kutoka mjini, Waingereza walianzisha mwaka 1953 shule ya kufundisha watumishi wa serikali za wenyeji. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 Chuo Kikuu Mzumbe. Katika waliosoma hapo miaka ya 1980 ni mwanamke mmoja wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1960. Alimaliza sekondari mwaka 1977 akaanza kazi ya ukarani. Mwaka 1978 aliolewa na Hafidh Ameir, bwana wa kilimo. Stashahada yake ya juu ya utawala wa umma aliipata Mzumbe mwaka 1986, akiwa ni mke wa mtu kwa miaka minane. Jina lake ni Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwezi Machi 2021.

Siasa si shughuli ya ukurasa huu, na kila mtu ana maoni yake juu ya watawala. Nataka utazame mpango wa miaka tu. Wazungu wa vyuo vya kale walisema: kwanza shahada, kisha ndoa, au ndoa isiwepo kabisa. Wazee wetu walisema: kwanza ndoa, kisha shahada isiwepo kabisa. Huyu alikwenda njia ya tatu: ndoa, kazi, chuo, na nyumba haikuvunjika. Njia hiyo haiwezekani bila ya mume aliyeridhia na jamaa walioshika watoto.

Mwaka 2005 kilifunguliwa mjini Morogoro Chuo Kikuu cha Waislamu, katika majengo yaliyokuwa chuo cha shirika la umeme. Udhuru wa kuwa hapana mahali binti wa Kiislamu anapoweza kusoma na kuswali bila ya tabu umeondoka. Tena asili yake ni ya kale. Imo katika vitabu vya hadithi khabari ya Bibi Shifaa binti Abdillahi aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume, radhi za Mungu ziwe juu yao.

ALIYEBAKI JIKONI

Sasa nifikie neno ambalo si wengi wanaolisema. Mke akenda chuoni au kazini, kazi ya nyumba haendi nayo wala haipotei. Maji bado yatekwe, mtoto aoshwe, chakula kipikwe. Nani anafanya?

Zamani, bibi wa pwani aliyekaa barazani na msahafu wake au akatunga utenzi alikuwa na vijakazi jikoni. Wengine wao walitekwa katika milima hii hii ya Uluguru na mabonde yake. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Bibi wa Kizungu alikuwa na yaya na mpishi. Leo mke msomi wa Dar es Salaam, wa Tanga au wa Mombasa, awe Mwafrika, Mwarabu au Mhindi, ana msichana wa kazi, na mara nyingi msichana huyo ametolewa kijijini akiwa bado ana umri wa kuwa darasani. Kaacha daftari lake ili mwingine ashike lake.

Huu ndio uzito wa jambo letu. Rangi zilibadilika na majina yalibadilika, lakini katika kila zama shahada ya mmoja ilikaa juu ya mgongo wa mwingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na tangu 2016 sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne haina ada. Ikiwa binti yetu atahitimu Morogoro kwa kumfungia jikoni binti wa Mluguru, basi tumefungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Na tukumbuke kuwa binti wa Mluguru anapoacha mlima anaacha pia shamba la ukoo wa mama yake, ile ngome aliyokuwa nayo bibi yake. Anashuka mjini hana ardhi, hana elimu, na ana mshahara wa huruma.

Hata kazi ya mke mwenyewe ndani ya nyumba ina thamani yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa katika ndoa. Watu walishangaa. Lakini kila aliyewahi kuugua nyumbani siku tatu anajua kuwa mahakama haikuvumbua kitu kipya.

YA KUSHIKA

Ndugu msomaji, tumetoka mbali. Tukusanye tuliyoyaona.

Kwanza, katika kila rangi palipokuwa na amri ya "chagua kitabu au nyumba," khasara ilikuwa ya wote: Waingereza walipoteza walimu, Wamarekani walipoteza mama, na sisi tulipoteza wanachuoni.

Pili, kinachomzuia mwanamke mara nyingi si fatwa wala chuki. Ni ratiba, ni chumba cha kulala, ni nauli, ni nani ashike mtoto. Baba anayesema, "Mimi simkatazi," na asifanye lolote katika hayo, amekataza.

Tatu, binti apatapo posa njema naye yuko chuoni, si lazima posa irudishwe wala chuo kiachwe. Liwekwe sharti la kumaliza masomo mbele ya mashahidi, nalo litimizwe. Mume akiona mke wake amemzidi kwa karatasi, akumbuke kuwa Bibi Khadija, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa tajiri aliyemwajiri Mtume kabla ya kuolewa naye, na hapana aliyepungukiwa heshima.

Nne, tuiangalie mikono inayotushikia nyumba. Msichana wa kazi apewe mshahara wake kwa wakati, na aliye mdogo arudishwe shule kabla ya binti yetu kufunga sanduku lake la safari. Atakayeona kuwa hili ni gharama kubwa, basi ajue kuwa ndiyo gharama halisi ya shahada, ila siku zote ililipwa na mtu mwingine.

Morogoro ilitawaliwa na mwanamke kabla ya kuwa na chuo hata kimoja. Leo ina vyuo vingi, na mabinti wa kila kabila wanashuka kituoni Msamvu na masanduku yao. Wengine ni wetu. Kabla hujafunga mlango wa mashauri nyumbani kwako, mwite na yeye aingie, umsikilize.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika uadilifu, na atujaalie nyumba zetu ziwe vyuo. Amin.